Wanafunzi wa Rabai na Yubile Yetu ya Miaka 50

Habari za kwaya yenyewe, walimu wake na safari zake, mtazisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Hapa tumeona vyema turudi nyuma zaidi, hadi kwa wale waliotutangulia kuitwa wanafunzi wa Yesu katika nchi hii.

Biblia yetu ya Kiswahili inawaita wale kumi na wawili wanafunzi, neno lile lile tunalomwitia mtoto wa shule. Lakini mwanafunzi wa siku zile hakukaa dawatini. Alimfuata mwalimu wake njiani, akala naye, akalala alipolala, akajifunza kwa kutazama jinsi anavyoishi na watu. Tena alikosea mara nyingi. Petro alimkana Bwana mara tatu usiku mmoja, na bado alirudishwa kazini. Kwa hiyo mwanafunzi si mtu aliyehitimu. Ni mtu ambaye bado anafuata.

Huku kwetu jambo hili lilianza kwa machozi. Johann Ludwig Krapf, mmishenari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, alifika Mombasa mwaka 1844. Katika miezi michache tu alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakajenga kituo Rabai. Miaka ikapita na wasikilizaji walikuwa wachache mno. Mtu wa kwanza kubatizwa pale hakuwa mzee wa kaya wala tajiri wa mifugo. Alikuwa Mringe, mtu mlemavu, aliyefundishwa na Krapf na kubatizwa akiwa karibu kufa. Kama wangehesabu mafanikio kwa wingi wa watu, wamishenari wale wangefunga virago. Rebmann alibaki pwani hadi mwaka 1875, macho yake yakiwa yamekaribia kuzimika.

Mwaka 1864 Rabai ilipata wasaidizi waliokuja kwa njia ya ajabu. Walikuwa Waafrika waliotekwa utumwani wakiwa watoto, wakaokolewa baharini na kupelekwa Bara Hindi, wakalelewa na kusomeshwa katika kituo cha misheni karibu na Nasik. Mmoja wao ni William Jones, na huyu ndiye tunayetaka mmfahamu leo.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimweka Jones kuwa shemasi, kisha wakafunga safari pamoja kwenda Uganda kwa njia ya Umaasai, wakiwa na wapagazi kama 200. Walipofika Kwa Sundu, mahali tunapopaita Mumias leo, askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na watu 50. Hakurudi. Mwezi wa Oktoba aliuawa huko Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na wengi wa watu wake waliuawa pia. Wachache walionusurika walileta habari hizo kwa Jones.

Hebu tufikirie hali yake. Mkubwa wake amekufa, chakula ni kidogo, na nyumbani ni mbali. Hakuwatawanya watu wale kila mmoja ajitafutie njia. Aliwaongoza kwa miguu hadi pwani, wakafika Rabai Februari 1886 wakiwa wamechoka na nguo zao zimechakaa. Mbele yao walibeba bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi, maana yake utukufu umeondoka. Walikuja wakiomboleza, lakini walikuja pamoja.

Jaribu la pili lilimngoja pale pale Rabai. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia vituo vya misheni. Watu waliwaita watoro. Mabwana zao walikuja kuwadai kwa vitisho, na misheni ilikuwa imeonywa isiwapokee. Hata hivyo wengi walipata makao Rabai, kituo kilipokuwa chini ya uangalizi wa Jones. Nasi hatushangai. Mtu aliyeonja utumwa akiwa mtoto angewezaje kumtazama mtoro machoni na kumrudisha alikotoka?

Mwaka 1888 jambo hilo lilikaribia kuleta vita. Ndipo George Mackenzie, msimamizi wa Imperial British East Africa Company, alipopatana na mabwana hao kwamba walipwe fidia. Siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1889, hati za uhuru ziligawiwa Rabai. Waliokombolewa kwa mapatano hayo walizidi 1,400.

Wapendwa, hiyo ilikuwa yubile. Neno hili tumelichapa kwenye fulana na kwenye mabango, lakini Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, kinatuonyesha asili yake. Katika mwaka wa 50 baragumu lilipigwa, aliyejiuza kwa sababu ya umaskini akaachiliwa, na kila mtu akarudi kwa jamaa yake. Yubile haikuwa keki na hotuba. Ilikuwa siku ya kufungua mlango.

Hapa historia inatugusa sisi wenyewe, na tumekubaliana kwamba hatutaificha. Katika miaka 50 tumeimba katika arusi na matanga, tumeshinda vikombe, tumerekodi kanda. Lakini tuliwahi pia kufunga mlango. Mwaka mmoja, tukijiandaa kwa mashindano, tuliamua kwamba asiyemaliza mchango wa sare hataimba. Dada mmoja wa sauti ya pili, aliyekuwa akiuza mboga ili kulea watoto wake, hakuweza kumaliza. Tulimwambia asubiri mwaka ujao. Hakurudi tena. Wako wengine walioondoka kimyakimya kwa sababu kama hiyo, na sisi tukaendelea kupanga mistari yetu, tukipendeza kwa rangi moja.

Kikombe tulikipata mwaka ule, na kipo ofisini hadi leo. Lakini tukijipima kwa wanafunzi wa Rabai tunaona aibu. Wale walipokea watu wasio na chochote, wakihatarisha maisha yao. Sisi tulimkataa wetu kwa sababu ya kitambaa. Tulikuwa waimbaji hodari siku ile. Uanafunzi ndio uliotupungukia.

Kwa hiyo kabla ya sherehe hii tulikwenda nyumba kwa nyumba. Tulibisha hodi, tukaomba msamaha, tukawakaribisha warudi. Wengine wametupokea kwa chai, wengine wamesema watafikiri, na hiyo ni haki yao. Dada yule wa sauti ya pili alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza wimbo wa kwanza leo ni upi. Tangu sasa sare itanunuliwa kutoka mfuko wa kwaya, na hakuna atakayezuiwa kuimba kwa kukosa mchango.

Leo tutakaposimama kuimba mtaona wengine kati yetu wamevaa nguo zao za kawaida. Msidhani wamepotea njia kuelekea viti vya wageni. Hao ni wa kwaya hii, na wamerudi kwa jamaa yao.

Bwana awabariki nyote, na atusaidie kuendelea kumfuata.