Mzimu, Wazimu na Mpelelezi: Daktari wa Akili katika Hadithi za Uhalifu, kutoka Hollywood hadi Jimbo la Kati

Katika mapokeo ya hadithi za uhalifu, swali la kwanza la mpelelezi ni nani aliyetenda. Kati ya mwaka 1943 na 1949 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa filamu kumi ambazo ziliongeza swali la pili: je, akili ya mtendaji ilikuwa katika hali gani? Filamu hizo, zijulikanazo kama Crime Doctor, zilitokana na mchezo wa redio wa Max Marcin ulioanza kurushwa na shirika la CBS mwaka 1940. Shujaa wake ni Robert Ordway, daktari wa magonjwa ya akili, aliyeigizwa na Warner Baxter. Zilikuwa filamu za daraja la pili, fupi na za gharama ndogo, zilizotengenezwa ili zioneshwe pamoja na filamu kubwa kwa tiketi moja.

Pamoja na udogo wake, filamu hizo zilikuwa na wazo zito. Katika filamu ya kwanza, Ordway mwenyewe ni mhalifu aliyepoteza kumbukumbu, akasomea udaktari, kisha akalazimika kukabiliana na maisha yake ya awali. Katika The Crime Doctor's Courage ya mwaka 1945, wachezaji ngoma wawili wanashukiwa kuwa wafu wanaofyonza damu ya walio hai. Daktari haogopi wala hacheki. Anauliza nani anafaidika watu wakiamini hivyo, na mwishowe muuaji anaonekana kuwa binadamu mwenye sababu za kibinadamu. Huu ndio msingi wa hadithi za aina hii: uvumi wa mizimu unafunika kosa, na ujuzi wa akili ya binadamu unalifunua.

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ina mashujaa wengi mashuhuri. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ni raia mwenye kiko na subira. Wingo wa Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), ni inspekta wa polisi. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni jasusi, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni mpelelezi wa kujitegemea. Kati ya hawa hakuna hata mmoja aliye daktari wa akili. Pengo hili si la bahati mbaya. Lina historia yake, na historia hiyo inaonekana vizuri zaidi mtu akisimama mahali kama Kiomboi kuliko akisimama Unguja au Dar es Salaam.

Kiomboi ni makao makuu ya Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, juu ya uwanda ulioinuka unaotazama mbuga za Wembere. Lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kinyiramba. Kiswahili kiliingia zaidi kama lugha ya shule, ya zahanati na ya baraza la kesi. Wakati wa utawala wa Waingereza eneo hili lilikuwa ndani ya Jimbo la Kati, ambalo makao yake yalikuwa Dodoma. Mambo mawili ya jimbo hilo yanahusu mjadala huu: hospitali ya Mirembe, na kesi za watu-simba wa Singida.

Mirembe ilianzishwa Dodoma mwaka 1927. Kwa wananchi wa kawaida haikuwa mahali pa kwenda kwa hiari kuzungumza na daktari kuhusu ndoto na huzuni. Wagonjwa wengi walifika huko baada ya kupita mikononi mwa polisi na mahakimu. Sheria nayo iliuunganisha ugonjwa wa akili na jinai: vifungu vya 12 na 13 vya Kanuni ya Adhabu vinaeleza kwamba kila mtu anahesabiwa kuwa na akili timamu hadi ithibitike vinginevyo, na lini maradhi ya akili yanaweza kumwondolea mtu hatia. Baada ya muda jina la hospitali likawa neno la mitaani. Kumwambia mtu kwamba anafaa kupelekwa Mirembe ni tusi linaloeleweka nchi nzima. Ordway wa kwenye filamu ana ofisi yenye kochi. Daktari wa akili wa Jimbo la Kati alikutana na mgonjwa wake nyuma ya lango lililofungwa. Ni vigumu kwa mtunzi kumpata shujaa wa hadithi pendwa mahali ambapo wasomaji wake wanapaogopa.

Hata hivyo, sababu ya ndani zaidi imo katika lugha yenyewe. Neno la kale la Kiswahili la hali hii ni wazimu, na uhusiano wake na mzimu hauhitaji utetezi mrefu. Mzizi huo umeenea katika lugha za Kibantu: Washona wana mudzimu, Wachewa wana mizimu, Watswana wana badimo, na Wazulu wanalo izimu, dubwana lilalo watu, ambalo ni ndugu wa zimwi la ngano za Kiswahili. Kwa umbo lake, wazimu inaelekea kuwa wingi wa mzimu: wao, waliotutangulia, waliomwingia mtu. Lakini upatanisho wa kisarufi wa leo umebadilika. Hatusemi wazimu wamempanda. Tunasema wazimu umempanda. Wale waliokuwa viumbe wenye nia wamegeuka kuwa hali, kitu kisicho na jina wala ukoo. Mabadiliko ya kiambishi kimoja yanabeba mabadiliko ya namna ya kueleza kwa nini mtu ametenda alichotenda.

Kesi za Singida zinaonesha kwamba jambo hili si la kamusi peke yake. Kati ya mwaka 1946 na 1948, watu katika nchi ya Wanyaturu, majirani wa kusini wa Wanyiramba, walikufa vifo vilivyosemekana kuwa vya kuraruliwa na simba. Uchunguzi wa serikali ulihitimisha kwamba sehemu ya vifo hivyo ilikuwa mauaji yaliyofanywa na watu waliojifanya simba. Washitakiwa walifikishwa mahakamani, na wako walionyongwa. Afisa wa utawala aitwaye Wyatt aliliandikia jambo hilo mwaka 1950 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwaka 1962, katika jarida hilohilo, mwanaanthropolojia Harold Schneider alilipima upya, kwa sababu imani ya Wanyaturu kuhusu mbojo haikuwa nyepesi kama ilivyochukuliwa.

Mwanaisimu anapoitazama kesi ya namna hii, anaona kwanza tatizo la tafsiri. Katika mahakama za Tanganyika ya wakati ule, maneno ya shahidi wa kijijini yaliweza kutoka katika lugha yake, yakapita katika Kiswahili, yakaishia katika Kiingereza cha jaji. Kiswahili kinatenganisha mambo ambayo jina moja la Kiingereza linayachanganya. Mtu-simba ni kiumbe mwenye hali mbili. Simba wa mtu ni mnyama wa kweli aliyetumwa na mwenyewe. Mtu aliyevaa ngozi ya simba ni mwuaji wa kawaida aliyejificha. Usemi wa kwanza unaeleza imani. Wa pili unaleta tuhuma ya uchawi, ambayo ilikuwa na sheria yake ya mwaka 1928. Ni wa tatu tu unaothibitisha moja kwa moja shitaka la kuua. Shahidi aliyesema kimoja na kuandikiwa kingine angeweza kubadilisha hatima ya mtu kizimbani bila kujua. Hapa mpelelezi aliyehitajika alikuwa mjuzi wa maneno kabla ya kuwa mjuzi wa nyayo.

Daktari wa akili naye aliingia katika upelelezi wa Afrika Mashariki, lakini kwa njia tofauti kabisa na ya Ordway. J. C. Carothers aliiongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu mwaka 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka 1954 serikali ya Kenya ilichapisha taarifa yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Huyu ndiye daktari mpelelezi wa kweli ambaye historia yetu inamjua: aliitwa na dola aeleze siri ya uasi. Alifikia hatua ya kulinganisha utendaji wa ubongo wa Mwafrika na ule wa Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo wake. Katika taarifa ya mwaka 1954, ardhi iliyochukuliwa na madai ya kisiasa vilififia nyuma ya maelezo kuhusu watu waliovurugwa akili na mabadiliko.

Kosa la Carothers linaweza kuelezwa kwa lugha ya hadithi za upelelezi. Mpelelezi wa kwenye filamu huanza na watuhumiwa kumi na kuishia na mmoja. Carothers alianza na wagonjwa wachache waliofika kwake na kuishia na bara zima. Frantz Fanon, aliyekuwa naye daktari wa akili, alimpinga waziwazi katika kitabu cha mwaka 1961 ambacho Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga walikitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1978. Hivyo ubishi wa madaktari hao wawili ukamfikia msomaji wa Kiswahili katika lugha yake.

Ni katika muktadha huo ndipo Bwana Msa anapaswa kusomwa. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kuingia katika uandishi wa habari mwaka 1948 alifanya kazi kwa miaka kumi kama mkaguzi katika idara ya afya, kazi inayomzoesha mtu kuingia nyumba za watu na kutazama. Hadithi yake ilishinda shindano la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la mwaka 1957 hadi 1958, ikachapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Tajiri mwenye shamba, Bwana Ali, anakutwa amekufa mzimuni, na hofu ya wakaao karibu iko tayari kuwa jibu. Bwana Msa, pamoja na Najum na Inspekta Seif, anakataa kuridhika na jibu hilo.

Msomaji wa Kiomboi na msomaji wa Makunduchi hawaanzi riwaya hii mahali pamoja. Kwa mtu wa Unguja, mzimu ni pahala: pango au mti wa kupelekea ubani na sadaka. Kwa wasomaji wengi wa bara, mzimu ni roho ya marehemu. Mmoja anaposoma jina la kitabu anaona mahali pa tukio. Mwingine anaona mtuhumiwa. Kitabu kinawapeleka wote wawili kwenye hitimisho moja, kwamba penye maiti pana mtu mwenye sababu, lakini safari ya msomaji wa bara ni ndefu zaidi, kwani inambidi kwanza amwondoe mtuhumiwa ambaye jina la kitabu limemletea.

Bwana Msa hana shahada ya udaktari, na hamwiti mtu yeyote mgonjwa. Chombo chake ni mazungumzo: anauliza, anasikiliza, anapima neno lililotamkwa kwa haraka mno au kwa kusitasita. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba haondoi akili kwa wale wanaoamini mizimu. Imani yao anaichukulia kuwa habari, yaani jambo ambalo mwuaji naye analijua na anaweza kulitumia. Hapo anakaribiana na Ordway wa mwaka 1945, na anatengana moja kwa moja na Carothers wa mwaka 1954. Kwa Carothers imani ilikuwa dalili ya ugonjwa wa kabila. Kwa Bwana Msa ni sehemu ya ushahidi katika kesi ya mtu mmoja.

Kwa hiyo, kukosekana kwa daktari wa akili katika riwaya ya Kiswahili si upungufu wa fasihi changa iliyoshindwa kuiga Hollywood. Kazi ya daktari huyo ilifanywa na mtu mwingine, kwa sababu daktari mwenyewe alikuwa ameshawekwa upande wa serikali. Kamusi zetu huorodhesha mzimu na wazimu kama vidahizo viwili, kila kimoja na maana yake. Kesi za Singida ziliyaweka maneno ya namna hiyo mbele ya jaji, na Mzimu wa Watu wa Kale ikayaweka mbele ya msomaji. Mwanafunzi wa Iramba atakayekusanya maneno ya Kinyiramba yanayotaja roho, ugonjwa wa akili na kosa, na kuyaandika pamoja na upatanisho wake wa kisarufi kabla wazee wanaoyatofautisha hawajaondoka, atakuwa ameendeleza upelelezi huo.