Molimo: Sauti Nzito na Makubaliano ya Hofu

Msimulizi wa redio anayetaka kutisha huongeza besi, akiamini kwamba mngurumo wenyewe ndio unaoleta hofu. Historia ya Wambuti, wakazi wa msitu wa Ituri jirani na mji wa Beni, mashariki mwa Kongo, yaonyesha vingine: sauti nzito huandaa mwili tu, lakini hofu ya hadithi hutokana na makubaliano ya watu. Ushahidi ni molimo, ibada yao ya usiku na baragumu linalopigwa humo. Katika miaka ya 1950 mwanaanthropolojia Colin Turnbull aliishi na Wambuti wa Epulu, kwenye barabara ya Mambasa kwenda Kisangani, na mwaka 1961 akatoa kitabu chake, The Forest People. Msiba mkubwa ulipoingia kambini, wanaume waliimba usiku kuzunguka moto, na gizani sauti nzito ikawajibu, mara kama chui, mara kama tembo. Wanawake na watoto walijifungia vibandani. Huyo, waliambiwa, ni mnyama wa msituni. Turnbull alitarajia kuona baragumu la mti lenye nakshi. Alichoonyeshwa ni bomba la chuma la karibu mita 4.5, lililoibwa kwa watengeneza barabara. Wenyewe hawakuona tatizo: mti huoza, na kinachotakiwa ni sauti nzuri.

Bomba la urefu huo, likiwa wazi pande zote mbili, lina mlio wa msingi wa takriban mitetemo 38 kwa sekunde, na wimbi lake hufikia mita 9. Wimbi refu hivyo hupita kati ya miti bila kuzuilika sana, na sikio hupata shida kutambua limetokea wapi. Vijana nao walilibeba bomba huku na huko, hivyo sauti ilifika lakini mwenye sauti hakuonekana. Atakayesema kwamba mitetemo peke yake yatosha kutisha ana hoja. Mwaka 1998 mhandisi Mwingereza Vic Tandy alihusisha mzuka wa maabara aliyofanyia kazi na mitetemo karibu 19 kwa sekunde iliyosababishwa na feni. Lakini molimo ileile iliyowanyamazisha watoto iliwafariji wanaume, kwani kwao iliuamsha msitu uwatunze wanawe. Mtetemo ni mmoja. Maana ndiyo iliyotofautiana.

Wengine watasema huo ulikuwa udanganyifu wa wanaume dhidi ya wanawake. Turnbull mwenyewe alishuhudia bibi kizee akiingia kati ya waimbaji, akiukanyaga moto na kuwafunga wanaume shingoni kwa kamba hadi walipomtolea zawadi. Wanawake walizijua pia nyimbo za siri. Basi wanawake waliojifungia vibandani walikuwa washiriki. Walikubali kutishwa kwa sababu walijua kwamba kilichonguruma nje hakitawadhuru.

Makubaliano hayo yana uzito wa pekee leo. Tangu Oktoba 2014 raia wa Beni wameuawa kwa mfululizo, mara nyingi usiku, na sauti ya gizani huko haijulikani kama ni ya hadithi. Kwa hiyo mtayarishaji wa hadithi Beni au mji jirani wa Butembo asianze na mashine ya besi. Amwambie kwanza msikilizaji kwamba hii ni hadithi, amwachie nafasi ya kukataa, kisha ndipo angurumishe. Wambuti walitisha watu wao wakiwa salama. Asiyeweza kuwahakikishia wasikilizaji wake usalama huo hana haki ya kuwatisha.