Myddle: kijiji cha Uingereza kilichoandikwa benchi kwa benchi

Katika vijitabu vya chama chetu tumezoea kusoma juu ya ukoo fulani, mlima fulani, mwami fulani. Wazee wanasimulia, sisi walimu tunaandika. Safari hii tunaomba ruhusa ya kuwapeleka wasomaji mbali, Uingereza, katika kijiji kimoja cha wakulima kinachoitwa Myddle, jimbo la Shropshire, si mbali na mpaka wa Wales. Hakuna jambo kubwa la ufalme lililotokea pale. Lakini kulikuwa na mzee mmoja, Richard Gough, ambaye mwaka wa 1701, akiwa na miaka 66, aliandika historia ya familia za parokia yake. Namna aliyoipata ya kuzipanga inashangaza: alizipanga kufuatana na mabenchi ya kanisa.

Tueleze vizuri, juu mtu anaweza kufikiri ni mchezo. Wakati ule, mtu hakuingia kanisani na kukaa popote. Kila benchi lilikuwa na wenyewe. Tena, na hapa ndipo penye jambo, benchi halikuwa la mtu, lilikuwa la nyumba. Ukipata shamba fulani na nyumba yake, unapata na nafasi yake kanisani. Ukiondoka, unaiacha pale pale. Mbele walikaa wenye mashamba makubwa, nyuma yao wakulima wa kadiri, na wenye vibanda walikuwa na sehemu yao. Kukaa mahali pasipo pako kulikuwa kama kulima shamba la mwenzako. Gough anaeleza kwamba kulitokea ugomvi mkali wa benchi, mpaka parokia ikafanya mkutano. Wakubwa waliona ni haya vijana na watu wasiolipa mchango wa kanisa wakae mbele ya wale wanaolipa. Basi wakapanga upya, kila nyumba na kiti chake.

Ile mpango ndiyo Gough aliichora kama ramani, halafu akapita benchi moja moja. Hili ni la nyumba gani? Nani alianza kukaa humo, nani alirithi, nani aliuza, nani alileta mke kutoka parokia nyingine, nani aliharibu mali ya baba yake? Katika ujana wake alikuwa karani wa mwamuzi mmoja, Robert Corbet, kwa hiyo alijua kusoma hati za zamani. Yale yasiyokuwa katika hati aliyapata kwa wazee, na mengine aliyaona kwa macho yake.

Hapa wasomaji wetu wenye kesi ya shamba wafungue masikio. Sehemu kubwa ya ardhi ya Myddle ilikuwa ya bwana mkubwa, ukoo wa Bridgewater. Familia nyingi zilikaa kwa hati ya "uhai wa watu watatu". Maana yake ni hivi: unapoingia unalipa feza nyingi mara moja, halafu kila mwaka unalipa kidogo tu. Katika hati yanaandikwa majina matatu, tuseme baba, mama na mtoto wao. Nyumba ni yenu muda wote mmoja wao anapumua. Wa tatu akifa, nyumba inarudi kwa bwana, na familia inapaswa kulipa tena feza nzito ao itoke. Mmoja akifa mapema, ulikuwa unaweza kulipa ili jina jipya liingizwe mahali pake. Kwa hiyo mtoto aliyeandikwa katika hati akishikwa na homa, haikuwa ugonjwa wa mtoto tu. Paa la watu wote lilikuwa linatetemeka pamoja naye.

Wengine hawakuwa na hati yoyote. Walijenga vibanda pembeni ya msitu na katika ardhi isiyolimwa. Mmoja, William Preece, alikaa katika pango la mawe. Vita ya mfalme na bunge ilipoanza mwaka wa 1642, watu waliitwa juu ya kilima cha Myddle wasikie mshahara wa juma unaoahidiwa kwa atakayepigania mfalme. Gough alikuwa mtoto, alikuwa pale na aliona. Kutoka Myddle na vijiji viwili vya jirani, Marton na Newton, walikwenda wanaume 20, wakafa 13. Mzee Preece alikwenda na vijana wake watatu. Wawili waliuawa High Ercall, wa tatu alinyongwa kwa kuiba farasi. Mzee alirudi, akafa kitandani kwake. Katika vitabu vya wafalme, watu wa pangoni kama hawa hawatajwi hata kidogo.

Si yote ni machozi. Kulikuwa na Reece Wenlock, ambaye nyumba yake ilikuwa inaiba miti ya lupango za majirani kwa kuwasha tanuri. Mtumishi mmoja alitoboa kijiti kikavu, akatia baruti ndani, akakirudisha katika lupango. Siku ya kuoka mkate, tanuri ikapasuka na moto ukashika nyumba! Kulikuwa pia na bwana na bibi waliokwenda kwenye pombe kila siku, mpaka ng'ombe wao wote wakaisha kwa njia ile ile.

Tukubali kwamba sisi hatungethubutu. Kuandika ulevi wa jirani, na jina lake na nyumba yake, katika kijitabu hiki? Mhariri angekataa, na sisi wenyewe tungeogopa kupita barabarani. Lakini kwa Gough kitabu kilibaki maandishi ya mkono. Yeye alikufa mwaka wa 1723, na kilichapwa mara ya kwanza mwaka wa 1834, tena si chote; chote kilitoka mwaka wa 1875. Wajukuu wa wajukuu ndio waliosoma. Mwaka wa 1974 mwanahistoria David Hey alitoa kitabu juu ya Myddle. Alilinganisha maneno ya mzee na daftari za ubatizo, wosia na hati za ardhi, akakuta kwamba mara nyingi mzee alisema kweli.

Hata hivyo, ramani ya mabenchi ina shimo lake. Nani anaonekana humo? Mwenye nyumba. Je, aliyepangisha chumba tu, mwanamke aliyeachwa, mfumaji kilema asiye na kwao? Sheria ya mwaka wa 1662 ilisema maskini anaweza kurudishwa katika parokia yake ya haki, ndiyo imlishe. Myddle ikaingia katika kesi na parokia za jirani, kila moja ikimsukuma mtu kwa mwenzake. Gough alizikusanya kesi hizo kwa uangalifu, nani alishinda na nani alishindwa, na hapo yule mzee anayejua kuchekesha hacheki tena. Anasema kama mlipa kodi. Watu hao aliwaweka peke yao, katika kurasa za mwisho, baada ya mabenchi yote kwisha.