Mgao wa chakula Kakuma

Mgao wa chakula Kakuma ni msaada ambao Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) huwapa wakimbizi wa kambi ya Kakuma na makazi ya Kalobeyei, kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Kambi ilifunguliwa 1992 kupokea waliokimbia vita vya Sudan, wengi wao watoto wasio na wazazi. Kalobeyei ilifuata 2016.

Sehemu ya mgao hutumwa kwa simu. Utaratibu huo ulianza 2015 kwa jina la Bamba Chakula: mkimbizi hupokea salio, kisha hununua kwa wenye maduka waliosajiliwa. Wengi hukopa unga na maharagwe wakisubiri salio la mwezi, hivyo mgao ukikatwa, mwenye duka naye huumia.

WFP haina bajeti ya uhakika; huendeshwa kwa michango ya hiari, na kwa miaka mingi Marekani ndiyo iliyochangia zaidi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na shirika lake la misaada, USAID, lililoundwa 1961, likafungwa Julai. Mgao wa Kakuma ulishuka chini ya theluthi moja ya kiwango kamili, na maandamano yakazuka. Agosti familia zilianza kupangwa kwa makundi ya uhitaji. Zilizohesabiwa kuwa zinajimudu ziliondolewa. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi, lakini Turkana ni kame na ajira ni chache hata kwa wenyeji.