"Initiation": mtoto anaingia au anatoka?

Wadau, neno la leo ni "initiation". Sisi waandishi wa habari tukilikuta kwenye ripoti ya Kiingereza kuhusu Lindi na Mtwara, tunaandika "jando na unyago", basi, habari inakwenda mtamboni. Hivi kweli ni kitu kimoja?

Tuanze na asili yake. Neno hilo limetoka kwenye Kilatini, initium, yaani mwanzo. Warumi walilitumia pia kwa ibada za siri ambazo mtu hakuziona mpaka akubaliwe kundini. Ndiyo maana hadi leo Mwingereza analitumia kwa kuanza jambo na vilevile kwa kupokelewa uanachama, iwe Freemason au klabu ya chuo.

Sasa njoo kwetu Kilwa, iwe Mitole, Kivinje au umatumbini. Hakuna anayesema mtoto "ameanzishwa". Wa kiume anaingia jandoni, anapita kwa ngariba, anakaa kumbini na kungwi wake. Wa kike anawekwa ndani, anafundwa, anachezwa. Na shangwe kubwa, nguo mpya, ngoma na zawadi, ni siku ya kutoka! Mwingereza kalipa jambo jina la mlango wa kuingilia, sisi tunasherehekea mlango wa kutokea.

Haya si mageni kwenye maandishi. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliyaeleza jando na unyago wa Waswahili katika kitabu cha desturi kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Miaka sita baadaye, 1909, Arnold van Gennep alipata sifa Ulaya kwa kusema mila za namna hii zina hatua tatu: kutengwa, kukaa katikati, kurudishwa kwa watu. Makungwi wetu walikuwa wanaifanya kazi hiyo bila kusoma Kifaransa.

Wamisionari nao waliliona. Huko Masasi, padri Mwanglikana Vincent Lucas, ambaye baadaye alikuwa askofu, alianzisha jando la Kikristo kuanzia mwaka 1913. Alitambua kwamba ukimnyima kijana jando umemnyima wenzake. Asiyepita hahesabiwi.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Siku hizi wavulana wengi wanatahiriwa hospitali. Kisu kimebaki, somo limepotea. Kwa wasichana, unyago umebanwa kwenye likizo za shule, na wengine wanachezwa hata kabla ya kuvunja ungo. Mtoto wa darasa la tatu akitoka ndani, ametoka kuwa nani? Mtu mzima? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba.

Wapo wanaotaka unyago ufutwe kabisa. Mimi sikubaliani nao. Kungwi ni mwalimu, na mwalimu anaweza kukaa na wenzake akapanga upya umri na somo. Lakini hatutafika huko tukiendelea kuazima neno la mwanzo tu. Tukienda kuandika habari za ngoma, tuulize mambo matatu: ana miaka mingapi, kafundwa nini, na anatoka kwenda wapi? Shuleni au kwa mume?

Tutafakari.