Leseni ya bastola Texas na chekeche lake

Ndugu zetu waliotoka hapa kambini wakahamishiwa Texas, wakipiga simu, habari ya bastola haikosi. Jirani anayo, fundi gari anayo, hata mama wa kanisani anayo kwenye mkoba. Halafu wanatutuliza: msiogope, wenye leseni ndio watu wasio na kesi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, neno kama hilo siwezi kuliacha lipite bila kulipima.

Chanzo chake ni damu. Tarehe 16 Oktoba 1991, mjini Killeen, mtu mmoja aliligongesha gari lake hadi ndani ya mgahawa wa Luby's akaanza kupiga watu risasi. Aliua 23. Wawili kati yao walikuwa baba na mama wa Suzanna Gratia, aliyekuwa meza moja nao. Bastola alikuwa nayo, ila aliiacha garini, maana sheria ya Texas haikumruhusu raia kutembea nayo. Habari hiyo aliisimulia kila mahali. Mwaka 1993 Gavana Ann Richards aliukataa mswada wa kuitisha kura ya maoni juu ya jambo hilo. Mwaka 1994 George W. Bush akamshinda, na 1995 akatia sahihi sheria ya leseni. Wapinzani walisema watu watauana kwa ugomvi wa barabarani.

Je, waliuana? Tuchukue hesabu za Idara ya Usalama wa Umma ya Texas za mwaka 2011. Watu waliokutwa na hatia kwa makosa inayoyafuatilia walikuwa 63,679. Wenye leseni kati yao: 120. Sasa, jimbo lilikuwa na watu kama milioni 25, na wenye leseni walizidi laki tano, yaani kama 2 kwa kila 100. Wangekuwa sawa na watu wengine, tungetegemea zaidi ya 1,200. Wamekuwa 120. Ndugu zetu hawakudanganya.

Lakini tazama nani aliifikia leseni. Mwaka 2011 ilibidi awe na miaka 21, na wale vijana wa chini ya hapo, wenye kesi nyingi, hawakuwamo. Asiwe amewahi kufungwa kwa kosa kubwa. Atoe alama za vidole, akae darasani, apimwe shabaha, na wakati ule alipe dola 140. Hilo ni chekeche. Ukichekecha unga halafu ukasema huu hauna pumba, umesema kweli, ila usimsifu mwiko! Bastola haikumfanya mtu awe mwema. Alichaguliwa akiwa hivyo tayari.

Swali la pili, kama sheria yenyewe inapunguza uhalifu mtaani, ni lingine kabisa. John Lott alidai inapunguza. Mwaka 2004 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani likaona ushahidi hautoshi kusema lolote. Mwaka 2019 John Donohue na wenzake wakakuta majimbo yenye sheria hizo, baada ya miaka kumi, yalikuwa na uhalifu wa nguvu uliozidi matarajio kwa asilimia 13 hadi 15. Wenye leseni wanaweza kuwa wapole, na bastola zao zikaibwa garini.

Na hapa linatugusa sisi. Wanaopewa safari ya Marekani huhojiwa tena na tena, huchukuliwa vidole, hupimwa afya. Kwa hiyo mtu akitusifu kwa sababu waliofika kule hawana kesi, nashukuru, ila namwambia na sisi tumechekechwa. Vilevile anayetulaumu kwa kuhesabu vijana wetu wa kiume tu, halafu akawalinganisha na taifa zima lenye mabibi na watoto, hesabu yake naikataa kwa sababu ileile.

Tarehe 1 Septemba 2021, Texas ilianza kumruhusu mtu wa miaka 21 ambaye sheria haijamzuia kumiliki silaha atembee na bastola bila leseni. Leseni bado zinatolewa kwa anayezitaka. Ila anayebeba bila leseni, akikutwa na hatia, kwenye jedwali la idara anahesabiwa upande wa umma, pamoja na wale ambao hawajawahi kushika bastola.