Tanga huoza kwanza: manowari za Waingereza na nguo za Ufipa

Hivi ukiambiwa uchore manowari ya Waingereza ya karne ya 18, utachora nini? Wengi wetu tutachora chombo kirefu cha mbao, mizinga pembeni, milingoti mitatu, na matanga ya mraba meupe pee. Ndivyo filamu zilivyotuzoesha. Lakini mchoro huo una makosa angalau mawili: rangi ya matanga, na umbo la tanga moja la nyuma. Tuyaangalie makosa hayo kwanza, kisha tupande Ufipa, kwa sababu kosa la aina hiyo hiyo tunalifanya kuhusu historia ya huku kwetu.

Tuanze na rangi. Matanga ya manowari hizo yalishonwa kwa marudufu nzito ya kitani, si pamba. Kitani kina rangi yake: kati ya maziwa na kaki iliyofifia. Kipige jua, mvua na chumvi miezi kadhaa, kinazidi kuwa cha kijivu. Kwa hiyo weupe wa shuka mpya unaouona kwenye filamu ni wa kutiliwa shaka. Kuna pia mishono. Kitambaa cha matanga kilifumwa chembamba, upana wa sentimita 60 hivi, kisha vipande vikaunganishwa ubavu kwa ubavu. Tanga kubwa lilikuwa na vipande vingi sana. Ukiona picha ya tanga kubwa laini lisilo na mshono hata mmoja, jua mchoraji hakuuliza.

Sasa umbo. Mwanzoni mwa karne ile, mlingoti wa nyuma, ambao mabaharia wa pwani huuita wa galme, ulibeba tanga la pembetatu kwenye foromali ndefu iliyokaa mshazari. Naam, tanga la ukoo mmoja na lile la jahazi! Tatizo lake mabaharia wa jahazi wanalijua: chombo kikigeuka, kuihamisha foromali ile upande wa pili wa mlingoti ni shughuli nzito. Basi kadiri karne ilivyosonga, Waingereza walikata sehemu ya tanga iliyokuwa mbele ya mlingoti lakini wakaiacha foromali ndefu. Mwishowe foromali yenyewe ikaondolewa, ikawekwa boriti fupi inayoanzia kwenye mlingoti na kuelekea nyuma. Mabadiliko hayo hayakufanyika siku moja kwenye meli zote, lakini mwelekeo wake ni huo. Ndiyo maana mtaalamu akiona mchoro wa manowari, hutazama nyuma kwanza. Tanga la galme linamdokeza chombo ni cha miaka ipi.

Utauliza, haya yote tunayajuaje? Meli yenyewe haitoshi kutuambia. HMS Victory, iliyoshushwa majini mwaka 1765, bado ipo Portsmouth na unaweza kuitembelea. Lakini katika matanga iliyokuwa nayo kwenye pambano la Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, linalojulikana kubaki ni moja tu, la mlingoti wa mbele. Lina ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 300 na matundu 90 hivi. Fikiria: meli iliyoweza kutandaza matanga 37, limebaki moja. Mbao zikitunzwa hudumu. Chuma cha mizinga hudumu. Kitambaa huoza, huliwa na panya, au hukatwakatwa kikatumika kwa kazi nyingine.

Ndiyo maana watafiti huunganisha ushahidi wa aina nyingi: hilo tanga moja, michoro na mifano midogo ya meli iliyotengenezwa wakati ule, na vitabu vya mafundi. Mwaka 1794 David Steel alichapisha London kitabu kinachoeleza matanga yanavyokatwa na kushonwa. Ushahidi mmoja ukinyamaza, mwingine unaulizwa.

Sasa tusogee pwani ya kwetu. Mwaka 1799 manowari za Kiingereza chini ya John Blankett, mojawapo ikiwa HMS Leopard yenye mizinga 50, zilifika Unguja. Ukichora siku ile, mkono utakwenda wenyewe: Mwingereza tanga la mraba, Mswahili tanga la pembetatu. Kumbe enzi zile bado kulikuwa na mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, na tanga la mtepe lilikuwa la mraba, tena la mkeka! Mtepe umekwisha katika bahari yetu na mikeka yake imeoza. Jahazi limebaki, kwa hiyo tunadhani jahazi ndilo lililokuwepo peke yake.

Na hapo ndipo tunapopanda mlima. Ukitaja ustadi wa zamani wa Wafipa, jibu la haraka ni chuma. Si ajabu. Yale matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, malungu, yalijengwa kwa urefu wa mita tatu hivi, na sehemu kadhaa za uwanda wa juu mabaki yake yanaonekana hadi leo. Mtoto anayachungulia, mtalii anayapiga picha, mwalimu anawaonyesha wanafunzi.

Lakini Ufipa ilikuwa pia nchi ya wafumi. Pamba ilistawi vizuri zaidi chini, kwenye joto la Bonde la Rukwa, kuliko huku juu kwenye baridi. Ilisokotwa kuwa nyuzi, mtande ukatandazwa kwenye kitanda cha mfumi kilicholala karibu na ardhi, na mshindio ukapitishwa uzi kwa uzi. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita huku, wakiwemo David Livingstone na Joseph Thomson, waliandika kuhusu pamba hiyo na nguo zake. Kisha merikani na nguo nyingine za viwandani zikapanda kutoka pwani, na utawala wa kikoloni ukazifungulia njia zaidi. Nguo iliyomchukua mfumi siku nyingi ikashindana na nguo ya mashine. Ufumaji ukafa.

Kitanda cha mfumi ni miti na kamba. Nguo ni pamba. Havikuacha mnara mlimani kama lungu. Kwa hiyo tunawasimulia watoto nusu ya babu zao: wahunzi wamo, wafumi hawamo. Ni kosa lile lile la matanga meupe. Tunachora kilichobaki au tulichozoea kukiona, kisha tunakiita historia.

Basi ndugu msomaji, ukikutana na picha, filamu au simulizi ya zamani, jiulize mambo matatu. Kitu hiki kilitengenezwa kwa nini, na je, malighafi hiyo inadumu? Ni cha mwaka gani hasa, maana karne ni ndefu? Na nani alikiona kwa macho yake akaandika au akachora?

Na kama uko Sumbawanga, Nkansi au Kalambo, una swali la nne ambalo mtafiti wa Portsmouth hawezi tena kuuliza, kwa sababu wa kumjibu wameshakufa zamani. Nenda kwa bibi au babu, umwamkie, umuulize kama alisikia kwa wazazi wake habari za kufuma: sehemu za kitanda cha mfumi ziliitwaje, nguo ilikuwa na mistari gani, nani alivaa na lini. Andika majina hayo kwa Kifipa kama anavyoyatamka, na uandike tarehe na kijiji. Lungu ulilolikuta huenda mjukuu wako naye akalikuta. Hayo majina hatayakuta kama hayakuandikwa.